Bendi ya Saa Saba Mchana

Kiangazi cha 2004 nilikuwa nasimama kwenye mlango wa kushoto wa Baker Hall, ukumbi mkubwa wa Zoellner Arts Center hapa Bethlehem, Pennsylvania, nimevaa shati jeusi na suruali nyeusi, mkononi tochi ndogo. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lehigh. Wenzangu wengi walikuwa wamekwenda makwao likizo. Mimi nauli ya kunifikisha Tanga sikuwa nayo, kwa hiyo nilichukua kila kazi ya chuoni iliyotokea. Hii ilikuwa ya kuwaonyesha watu viti vyao. Msimamizi akaniambia wikiendi hiyo nijiandae na chakula, maana muziki ungeanza saa tano asubuhi na kwisha karibu saa sita usiku, Jumamosi na tena Jumapili. Bendi kumi. Nikamuuliza ni muziki gani. Akanijibu, "Roki, lakini ndefu."

Watu walioanza kuingia hawakufanana na watu wa roki niliowazoea kwenye televisheni. Wengi walikuwa wanaume wa miaka arobaini na hamsini, wamevaa fulana nyeusi zenye majina ya bendi nisizozijua, wamebeba mifuko ya plastiki iliyojaa sidii. Walikuwa na adabu. Kila mmoja alijua kiti chake kabla sijamulika. Na wakishakaa, wamekaa, hakuna aliyecheza. Kwetu Tanga bendi ikipiga nyimbo mbili na hakuna aliyeinuka, mwenye ukumbi anaanza kuhesabu hasara. Hapa watu karibu elfu moja walitulia tuli, wengine wamefumba macho, mpaka nikadhani wamechoka. Kisha wimbo ukaisha, baada ya dakika kama ishirini hivi, na ukumbi mzima ukasimama kwa makofi, watu wazima wakipiga mayowe kana kwamba timu yao imefunga bao la dakika ya mwisho.

Tamasha lenyewe liliitwa NEARfest, kifupi cha North East Art Rock Festival. Marafiki zangu wa Tanga na Dar huniuliza nini kilinipata huku hadi nikapenda magitaa ya namna hii, na jibu ni hilo: wikiendi ile mlangoni, na nyingine nilizokaa ndani baadaye kwa tiketi yangu mwenyewe.

Kwa asiyeujua, muziki huu wa roki ya progresivu ulianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wapiga roki waliokuwa na mazoezi mazuri walichoka na wimbo wa dakika tatu. Wakachukua kutoka muziki wa kanisani, wa okestra na wa jazi, wakaunganisha vipande vingi kuwa wimbo mmoja wa dakika kumi, ishirini, upande mzima wa santuri. King Crimson walitoa albamu yao ya kwanza 1969; pamoja nao walikuwapo Yes, Genesis, Emerson, Lake & Palmer, na nyuma yao umati mkubwa wa Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani na Waswidi. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 kampuni za santuri zikageukia mambo mengine. Wasikilizaji walipungua, ila hawakuisha. Walitawanyika, kila mmoja na kabati lake la santuri nyumbani, akidhani yuko peke yake katika mji wake.

Mimi urefu wa wimbo haukunitisha. Nimelelewa na nyimbo ndefu. Mjomba wangu alikuwa na kaseti za Mlimani Park, Sikinde Ngoma ya Ukae, na wimbo wa dansi wa enzi ile ulikuwa na safari yake: kwanza mashairi, polepole, mwimbaji anakusimulia kisa chake, kisha magitaa yanafunguliwa, solo na rizimu zinajibizana, matarumbeta yanaitika, na hapo ndipo chemko. Huwezi kuliruka shairi ukaenda moja kwa moja kwenye chemko, utaharibu utamu. Na Tanga yetu ni Tanga ya taarab, ya Black Star na Lucky Star. Kungoja ala ziseme kwanza ndipo mwimbaji afungue kinywa lilikuwa jambo la kawaida kwa bibi zangu. Kwa hiyo nilipokuwa pale mlangoni nikisikia bendi inajenga kitu kwa dakika nane bila neno hata moja, sikuona ajabu. Nilingoja chemko.

Kilichonishinda ni mapigo. Dansi letu mguu unaujua wenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Hapa ukihesabu hivyo unajikuta mguu umebaki hewani na bendi imeshapita. Wanapiga kwa saba, kwa tano, kwa kumi na moja, wanabadilisha katikati ya sentensi. Siku ya kwanza nilishika ukuta.

Bendi iliyonivuta ndani kabisa ilikuwa Univers Zero, ya Ubelgiji. Kundi la mpiga drams Daniel Denis, la tangu miaka ya 1970, na muziki wake ni wa giza, kama mazishi ya mfalme asiyependwa. Katikati ya drams na besi wameweka ala za mbao: obo na basuni. Mtu wa pwani akiisikia obo hawezi kukosea, ni ndugu wa nzumari yetu. Ina ulimi wa tete mbili, unabana midomo, na sauti inatoka puani, kali, ya kuchoma. Basuni ndiyo kaka yake mkubwa, bomba refu la mbao linalonguruma chini. Nilikulia karibu na ngoma zilizotangulizwa na nzumari, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna Wabelgiji wameishika sauti ya aina ile wakaitia kwenye roki. Nilizima tochi nikasimama. Mtu mmoja alikuwa akihangaika kutafuta mstari wake gizani na mimi sikumwona.

Wikiendi hiyo hiyo walipiga Yezda Urfa, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu kisa chao ndicho kilichonifanya nielewe tamasha lile lilikuwa kitu gani.

Yezda Urfa walikuwa vijana wa Indiana, upande wa kaskazini magharibi karibu na Chicago. Mwaka 1976 walirekodi albamu inayoitwa Sacred Baboon. Muziki wa kasi mno, sauti za kuimba zinapokezana kama wanaorushiana mpira, mandolini inaingia, inatoka. Albamu haikutoka. Bendi ikavunjika 1981, watu wakaenda kutafuta riziki zao. Mwaka 1989, miaka 13 baada ya kurekodiwa, lebo ndogo ya mtu mmoja mpenda muziki huu ikaitoa, na wale wasikilizaji waliotawanyika wenye makabati ya santuri wakaipokea, mmoja mmoja. Bendi yenyewe haikuwapo tena kusikia makofi. Halafu NEARfest wakawaomba warudi. Wakarudi. Mwaka 2004, miaka 28 tangu studio ile, wanaume waliokuwa wameshaota mvi walipanda jukwaani Bethlehem wakapiga vitu walivyovitunga wakiwa vijana wenye umri wangu wa siku ile, na watu elfu moja walikuwa wanayajua maneno.

Niliwatazama nyuso zao kutoka mlangoni. Mpiga ala akisikia watu wanaitikia wimbo ambao haukuwahi kuvuma redioni, uso wake unakuwa kama wa mtu aliyepokea barua iliyopotea posta. Yale maonyesho yalirekodiwa na yakatolewa kama albamu, kwa hiyo makofi yenyewe unaweza kuyasikia hadi leo.

NEARfest waliianzisha watu wawili, Robert LaDuca na Chad Hutchinson, mwaka 1999. Wapenzi tu wa muziki, hawakuwa kampuni ya burudani. Mwaka wa kwanza walikodi ukumbi mdogo wa Moravian College, hapa hapa Bethlehem. Mwaka 2000 wakahamia Zoellner. Mwaka 2002 na 2003 watu walizidi viti, wakalipeleka tamasha Trenton, New Jersey, kwenye ukumbi mkubwa zaidi wa War Memorial, kisha 2004 wakalirudisha Bethlehem, ndipo mimi nikakutana nalo. Baadhi ya mabango ya tamasha yalichorwa na Roger Dean, yule yule aliyechora majalada ya Yes ya miaka ya 1970, yenye visiwa vinavyoelea. Watu walikuwa wakiyabeba mabango hayo kwa mikono miwili, kama wanabeba mtoto mchanga.

Na mji wenyewe uliwafaa. Bethlehem uliishi kwa chuma. Chuma cha hapa ndicho kilichojenga daraja la Golden Gate kule San Francisco. Mwaka 1995 tanuri zikazimwa, na mpaka leo zimesimama kando ya mto Lehigh, nyeusi kwa kutu, ndefu kuliko minara. Ukitoka Zoellner ukashuka mlima kidogo unaziona. Kila Agosti mji una tamasha lake kubwa, Musikfest, umati hadi huoni barabara. NEARfest haikuwa hivyo. Ilikuwa ukumbi mmoja, jukwaa moja, kiti chako kimoja kwa siku mbili. Ukipishana na mtu asubuhi kwenye foleni ya kahawa, utapishana naye jioni, na kesho pia, na kufikia Jumapili mchana mnaulizana habari za watoto.

Siku ile ya Jumapili, baada ya bendi ya mwisho, kazi yetu ilikuwa kupita mstari kwa mstari kukusanya vilivyosahaulika. Vizibo vya masikio, miwani, koti moja. Katika mstari wa kati nikaokota daftari dogo la kurasa za mistari, jalada jekundu, limekunjika kwa kuwekwa mfuko wa nyuma. Nikalifungua nione jina. Jina halikuwapo. Kila bendi ilikuwa na ukurasa wake, na chini ya jina la bendi zilipangwa tarakimu kwa penseli: 7 7 7 5, mstari wima, 7 7 7 5, mstari wima, kisha 11, imezungushiwa duara, na pembeni alama ya kuuliza. Kurasa na kurasa za namna hiyo. Kuna mahali penseli ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Mwenyewe alirudi anatweta. Mzee wa makamo, mkubwa wa mwili, dereva wa malori kutoka Ohio. Nikampa, nikamwambia samahani nimelifungua, nikamuuliza zile ni namba za nini. Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akaanza kupiga goti lake kwa ncha za vidole: saba, saba, saba, tano. Akasema anapokuwa njiani usiku anazirudia namba hizo, na muziki unarudi wenyewe kichwani. Wasafishaji walikuwa wameshaanza kufyonza zulia. Tulikaa pale, mimi na sare yangu, tukapiga magoti yetu, mpaka mguu wangu ukaacha kubaki hewani.

Ndiye aliyenifundisha kusoma ratiba ya tamasha. Aliniambia watu wakitazama orodha ya bendi huanza kwa jina la chini, lile la herufi kubwa la kufunga usiku, na hilo ni kosa. Jina la usiku ndilo linalouza tiketi, na yeye halidharau. Lakini waandaaji unawajua kwa bendi ya saa saba mchana: ile ya pili kwa siku, ambayo karibu hakuna mtu ukumbini aliyewahi kuisikia, imetoka Finland au Mexico au mtaa wa jirani, imewekwa pale kwa sababu mtu mmoja ameisikia kwenye sidii na hakulala. Ukumbi umekwishalipiwa, watu wamekwishakaa, hawana pa kwenda. Wanasikiliza. Baada ya saa moja na nusu meza ya kuuzia sidii kule nje imebaki kitambaa kitupu.

Nimekwenda matamasha mengi tangu hapo, na sijaona kipimo kizuri zaidi ya hicho.

Mwaka 2005 nilinunua tiketi. Mzee alikuwa amenishikia kiti cha pembeni yake. Mwaka huo walikuja Kenso wa Japan, ambao kiongozi wao, mpiga gitaa Yoshihisa Shimizu, ni daktari wa meno. Ninalitaja hilo kwa heshima. Muziki wake unahitaji mazoezi ya kila siku, na yeye amekuwa akiufanya kwa miongo kadhaa baada ya saa za kazi, bila kutegemea umlishe. Walikuja pia Le Orme kutoka upande wa Venezia, bendi ya tangu miaka ya 1960, na onyesho lao likawa albamu iitwayo Live in Pennsylvania. Bendi nyingi zilifanya hivyo: Djam Karet walirekodi pale 2001, Nektar 2002, FM wa Canada 2006. Kwa bendi isiyo na kampuni nyuma yake, fundi mitambo mzuri na ukumbi wenye sauti safi kama ule si jambo la kila mwaka. Nikiiweka ile ya Le Orme nyumbani, mke wangu huniuliza mbona natabasamu wakati wa makofi. Yangu yamo.

Nilimpa mzee sidii ya Sikinde niliyotumiwa na binamu yangu kutoka Dar. Sikumweleza kitu. Mwaka uliofuata alikuja na lile daftari jekundu, akafungua ukurasa akanionyesha. Alikuwa ameandika 4 4 4 4, mistari mitupu ya nne, hadi nikaona haya, nikadhani imemchosha. Kisha nikaona mshale. Katika kila wimbo alikuwa amechora mshale mahali chemko linapoanza, na pembeni ameandika dakika na sekunde. Hakukosea hata moja. Akaniuliza mahali pale panaitwaje. Nikamwambia. Akaliandika neno, chemko, kwa herufi kubwa, akaliwekea mstari.

Mwaka 2007 sikwenda. Mwajiri niliyekuwa naye wakati ule alikataa kunipa Jumamosi moja, na hilo bado linaniuma.

Mwaka 2008 ndio mwaka ambao ningependa kuurudia kama mtu angeniruhusu mmoja tu. Tazama orodha: Fish, aliyekuwa mwimbaji wa Marillion. Peter Hammill, peke yake. Banco wa Italia. Liquid Tension Experiment, mafundi wa kasi. Halafu humo humo Koenjihyakkei wa Japan, kundi la mpiga drams Tatsuya Yoshida. Hawa wanaimba kwa lugha ambayo haizungumzwi na mtu yeyote duniani, silabi walizojitungia, kwa kufuata njia ya Magma wa Ufaransa ambao nao wana lugha yao wenyewe. Ile kasi, ile nguvu, sauti zinakwenda juu zote kwa pamoja, zinakatika ghafla, kimya, zinaanza tena. Baadhi ya watu walitoka nje wakiwa wamechanganyikiwa. Mimi nilikuwa kwetu. Nani Tanzania hajacheza wimbo wa Kilingala usiku kucha bila kujua neno moja, akaimba na kiitikio kwa moyo wote? Sikio letu limezoea kumpokea mwimbaji kabla ya maana. Nilijaribu kumweleza mzee jambo hilo wakati wa mapumziko, tukiwa tumekaa kwenye majani na mikate yetu. Alinisikiliza, halafu akasema ukurasa wake wa Koenjihyakkei ni mtupu, mara ya kwanza tangu aanze daftari. Alikuwa ameacha kuhesabu.

Sasa upande wa pesa, kwa sababu watu hudhani tamasha dogo ni jepesi. Viti elfu moja tu. Bendi ya watu 6 kutoka Japan ni tiketi 6 za ndege, vibali 6 vya kufanya kazi Marekani, vyumba vya hoteli, kodi ya vinanda na drams za huku. Mimi niliyepanga foleni za viza najua uzito wa karatasi zile; kwa mwanamuziki ambaye anakuja kupiga saa moja na nusu, kazi ya makaratasi ni ndefu kuliko onyesho. Sasa zidisha kwa bendi tatu nne za ng'ambo kila mwaka. Hesabu inakaa sawa endapo kila kiti kimeuzwa. Miaka mingi tiketi ziliisha upesi, watu walikesha nazo. Mwaka 2011 hazikuisha. Waandaaji walitangaza bendi, wakangoja, na tiketi zikaenda polepole mno, ikabidi tamasha la mwaka ule lifutwe.

Nimesikia watu wakisema muziki wenyewe ndio uliokuwa umeisha. Sikubali. Kufikia wakati ule matamasha ya aina hii yalikuwa yameongezeka, la RoSfest lilikuwa hapa hapa Pennsylvania tangu 2004, na mtu mwenye likizo moja na mshahara mmoja anachagua. Pia mtu angeweza kuisikiliza bendi ya saa saba mchana nyumbani kwake bure, kwa intaneti, akaamua kabla hajalipa kwamba haipendi. Hilo ndilo ninaloona lilitudhuru zaidi. Univers Zero ningeisikia kwa dakika moja kwenye kompyuta ningeifunga. Niliipenda kwa sababu nilikuwa kazini na nisingeweza kuondoka mlangoni.

Walirudi mara moja tu, Juni 2012, wakiwa wametangaza mapema kwamba ni ya mwisho, na wakaipa jina la kiama: NEARfest Apocalypse. Siku tatu. Van der Graaf Generator, Renaissance, Aranis wa Ubelgiji, Il Tempio delle Clessidre wa Italia, Gösta Berlings Saga wa Uswidi. Mzee alikuja na mkongojo, goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji.

Jumapili walipiga Änglagård. Waswidi hawa walitoa albamu mbili tu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Hybris mwaka 1992 na Epilog mwaka 1994, kisha wakavunjika, na zile albamu mbili zikageuka kama vito kwa watu wetu. Walikuwa wamefufuka kwa muda 2003, kwenye NEARfest ile ya Trenton. Mzee alikuwapo, mimi sikuwapo, na kwa miaka minane alikuwa akinisimulia. Safari hii walikuja na albamu mpya, Viljans Öga. Anna Holmgren anapuliza filimbi peke yake, ukumbi kimya hadi unasikia pumzi yake kabla ya noti, halafu bendi nzima inamwangukia. Ilikuwa kila kitu alichonisimulia. Nje, foleni ya meza yao ilizunguka ngazi.

Usiku waliofunga ni U.K., Eddie Jobson kwenye vinanda na fidla ya umeme, John Wetton kwenye besi na sauti. Wetton amefariki tangu hapo, mwaka 2017. Walipomaliza, watu hawakutoka. Taa ziliwashwa, vijana wa milangoni, wenye mashati meusi kama langu la zamani, walisimama na tochi zao bila kujua waanzie wapi kuwaambia watu waende. Wakakumbatiana watu ambao kwa mwaka mzima hawapigiani hata simu. Mzee alifunga daftari kwa mpira wa kufungia pesa, akaliweka mfuko wa shati badala ya mfuko wa nyuma.

Siku hizi tunakutana ProgDay, North Carolina. Hili ni kongwe kuliko NEARfest, lilianza 1995, na bado lipo. Hufanyika wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba, kwenye shamba liitwalo Storybook Farm karibu na Chapel Hill. Hakuna ukumbi wala viti vya nambari. Kuna jukwaa la mbao, uwanja wa majani umezungukwa na miti, bendi nne kwa siku, na kila mtu anakuja na kiti chake, hema lake la kivuli na maji yake. Watu ni mia chache. Joto la huko ni la Tanga kabisa, la unyevunyevu, shati linagandia mgongoni kabla ya bendi ya kwanza. Mimi naendesha gari kwa saa nane kutoka hapa. Mzee, ambaye amestaafu, huletwa na binti yake.

Mara ya mwisho nilipofika alikuwa ameshachagua mahali, chini ya mti, upande wa kushoto. Bendi ya kwanza ilikuwa nzuri, sina la kuongeza. Ilipokaribia saa saba vijana wa bendi ya pili wakaanza kupima sauti, wanne, sijawahi kuwasikia, mpiga besi anaonekana hajafika miaka ishirini na tano. Mzee akatoa daftari. Si lile jekundu, hili ni la tano au la sita. Akafungua ukurasa mpya, akalitazama karibu na uso, halafu akaninyooshea pamoja na penseli, kwa sababu mistari haioni tena vizuri. Bendi ikaanza. Akaweka vidole gotini, akawa anahesabu kwa mdomo, taratibu, mimi naandika.